Kumbe Mushi hayumo kwenye wimbo wa Queen!

Msomaji wangu mpenzi, leo naanza na kukiri. Kwa miaka minne mizima nilikuwa naimba hadharani, tena kwa madaha, kwamba kuna Mchagga mmoja anaitwa Mushi anatakiwa acheze dansi mbele ya Mangi Fiko, na mwanamama anayeitwa Bi Zabibu kamwekea mtu kitu chake pembeni. Ungenibishia tungekosana. Nilikuwa na ushahidi wa maandishi, kwenye daftari, kwa wino wa bluu. Kumbe bwana, nilikuwa naimba hewa!

Vijana wa leo hawawezi kunielewa. Wao wimbo ukipigwa kwenye simu, maneno yenyewe yanapita kiooni kama tangazo la mazishi. Sisi wa enzi ya redio kaseti ilikuwa shughuli ya watu watatu: mmoja kabonyeza kitufe, wa pili katega sikio kwenye spika, wa tatu kashika kalamu. Mstari mmoja mnaurudia mara kumi, betri zinalia, mkanda unakwama, mnautoa na kuuzungusha kwa kalamu ya Bic. Mkimaliza mnapata Kizungu ambacho Mzungu mwenyewe angekisoma angeomba mkalimani.

Nilikumbuka yote haya juzi, nilipokuwa kwenye foleni na dereva wa daladala akaachia kibao cha Queen. Abiria mmoja kijana akawa anaimba kila neno sawasawa. Nikamwonea wivu, halafu nikamwonea huruma.

KASETI YA KAKA BAHARIA

Ilikuwa mwaka 1983, Tanga. Kaka yangu mkubwa alikuwa baharia, na kila aliporudi tulikuwa tunapanga foleni kama wajumbe wa nyumba kumi. Safari ile alileta kanga mbili za Mama, viatu vyake mwenyewe, na kaseti moja ya kurekodiwa ambayo juu yake kaandika kwa mkono: A Night at the Opera.

Albamu hiyo kundi la Queen la Uingereza liliifyatua Novemba 1975. Jina walilichukua kwenye sinema ya vichekesho ya Marx Brothers ya mwaka 1935. Walikuwa wanne: Freddie Mercury mwimbaji na mpapasa kinanda, Brian May mcharaza gitaa, Roger Taylor mkung'uta dramu, na John Deacon wa besi. Santuri halisi ilikuwa na ganda lililochapishwa maneno ya nyimbo zote. Yetu ya kurekodi haikuwa na ganda wala nini. Ilikuwa na masikio yetu tu.

Basi tukaanza kazi ya kuandika, mimi, jirani yetu mmoja ambaye wazazi wake walitoka Moshi, na mdogo wangu wa kubonyeza kitufe.

MANGI FIKO NA BI ZABIBU

Kibao chenyewe ni "Bohemian Rhapsody", dakika 5 na sekunde 55. Katikati muziki unasimama, inaingia kwaya ya ajabu kama ugomvi wa mbinguni. Kwaya ile si kanisa zima, ni watu watatu tu, Mercury, May na Taylor, wamerekodi sauti zao juu ya sauti zao mara chungu nzima, kwa wiki tatu, mpaka utepe ukawa mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga.

Hapo ndipo masikio yetu yalipopata tabu. Lilikuja neno "Scaramouche". Jirani yetu akaruka: "Mushi! Kasema Mushi!" Tukarudisha. Kweli, Mushi huyo hapo. Muda si muda likaja "magnifico". Sote tukasikia Mangi Fiko. Jirani akavimba kichwa, akatangaza rasmi kuwa wimbo huu ni wa kwao Kilimanjaro, na Waingereza wameuiba. Mbele kidogo likaja "Beelzebub", tukaandika Bi Zabibu, maana tulikuwa na Bi Zabibu wetu mtaa wa pili, muuza maandazi, na alikuwa mkali kwelikweli.

Ukweli niliupata baadaye. Scaramouche ni mchekeshaji wa tamthilia za zamani za Italia, mwoga mwenye majivuno. Fandango anayotakiwa kucheza ni ngoma ya Wahispania. Galileo ni yule mwanasayansi wa Italia aliyeelekeza darubini mbinguni. Figaro ni kinyozi wa kwenye opera. Beelzebub ni mkubwa wa mashetani, kwa hiyo Bi Zabibu naomba uniwie radhi huko uliko. Freddie mwenyewe aliulizwa maana ya wimbo mara nyingi na akakataa kufafanua mpaka anafariki, Novemba 24, 1991.

Na wala usidhani ni ujinga wetu wa Tanga. Wenzetu wanayo hata jina ya ugonjwa huu: wanauita mondegreen. Lilibuniwa na mwandishi wa Marekani, Sylvia Wright, mwaka 1954. Utotoni mama yake alikuwa akimsomea shairi la kale la Uskochi juu ya shujaa aliyeuawa na kulazwa majanini. Mtoto akasikia kuwa shujaa kauawa pamoja na bibi mmoja aitwaye Lady Mondegreen. Akamlilia bibi wa watu, kumbe hakuzaliwa.

NENO MOJA TULILOWASHINDA WAZUNGU

Lakini katika kwaya ile kuna neno moja ambalo hatukuhitaji kulirudia hata mara moja. Lilipopigwa, Babu yangu, mzaa mama, ambaye chumba chake kilikuwa jirani na chetu, alitokea mlangoni na bakora.

"Nani anamtaja Mungu humo ndani na makelele hayo?"

"Shikamoo Babu. Ni redio."

"Hiyo redio imesema Bismillah. Nimesikia."

Tukarudisha mkanda. Ni kweli: Bismillah, tena si mara moja. Babu alikaa kwenye kitanda cha kamba, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza huyo anayeimba ni nani. Kaka akajibu: "Kazaliwa hapo Unguja." Babu akacheka, akasema tusimtanie. Lakini ndivyo. Freddie Mercury alizaliwa Farrokh Bulsara, Unguja, Septemba 5, 1946. Wazazi wake walikuwa Waparsi wa asili ya India, dini yao ya Zoroaster, na baba yake alikuwa karani wa fedha wa serikali ya kikoloni. Kijana alisomeshwa India, akarejea Unguja 1963, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza. Mtoto wa Mji Mkongwe hakuhitaji kamusi kulijua neno hilo.

Huko Ulaya na Marekani neno hilo ndilo lililowatesa. Wapo Wamarekani waliosikia jina la Mitch Miller, kiongozi maarufu wa bendi wa kwao, wakaona ni sawa tu. Yaani sisi tulikosa kila kitu tukapata Bismillah, wao walipata kila kitu wakakosa Bismillah. Na mwaka 2004 nyimbo za Queen ziliporuhusiwa kuuzwa Iran, kaseti zilitoka na kijikaratasi cha maelezo: kijana kaua kwa bahati mbaya, kauza roho yake kwa shetani, na usiku wa kuamkia kunyongwa anamwita Mungu kwa Bismillah ili aikomboe. Babu angelikubali maelezo hayo bila kusita.

KABURETA, JIBINI NA KAMPUNI

Ukiacha hicho, albamu ile imejaa vituko ambavyo huhitaji kusikia vibaya ili ushangae. Kuna kibao kifupi cha dakika moja na ushei, "Lazing on a Sunday Afternoon", ambamo bwana mmoja wa London anaeleza ratiba yake ya wiki. Ukiisikiliza vizuri, Jumanne anakwenda fungate, Jumamosi ndiyo anachumbia. Kaaazi kwelikweli! Sauti yake inatoka kama ya spika ya mkutano wa hadhara, kwa sababu waliipitisha kwenye hedifoni zilizowekwa ndani ya kopo la bati.

Kwenye "Sweet Lady" jamaa anamlalamikia mpenzi wake kwa kumwita mtamu, na katika kulalamika anajilinganisha na jibini. Mimi hadi leo sijaonja jibini tamu. Niliandika daftarini "chizi", nikiamini mwanamke kamwita kichaa, na kusema kweli naona tafsiri yangu ilikuwa na mantiki zaidi.

Halafu ipo ya Roger Taylor, mapenzi ya mtu na gari lake. Dereva yule anaona ni bora aachane na msichana apate kununua kabureta mpya. Wakati ule tulielewa mara moja, maana kila Peugeot 404 mtaani ilikuwa inakohoa kwa sababu ya kabureta, na fundi wa kuitengeneza aliheshimika kuliko daktari. Mwambie kijana wa leo neno hilo! Magari yao mafuta yanapulizwa na nozeli kwa amri ya kompyuta. Wimbo haujabadilika, kilichokufa ni kipuri. Husimuliwa pia kwamba Taylor alijifungia kabatini mpaka wenzake wakubali wimbo huo uwe upande wa pili wa santuri ndogo ya "Bohemian Rhapsody". Mjanja huyo! Santuri hiyo ilishika namba moja Uingereza kwa wiki tisa, na mtunzi wa upande wa pili analipwa sawa na wa upande wa kwanza.

"Good Company" ndiyo iliyonichezea zaidi. Kamusi yangu ya kichwani ilisema kampuni ni kampuni, ya mshahara na ofisi. Nikaamini Brian May anasifia kampuni nzuri yenye marupurupu. Kumbe Kiingereza neno hilo lina nyuso mbili: kampuni ya biashara, na watu wa kukaa nao. Bwana wa kwenye wimbo anaanza na marafiki na mke, anaingia biashara, anajenga jina, na uzeeni anabaki na kiko chake peke yake. Kampuni ya kwanza imemla ya pili. Sasa ninao wenzangu wawili watatu wenye maduka makubwa ambao ningependa wausikilize, ila hawana nafasi.

BABU NA "THIRTY-NINE"

Sasa msomaji nakuja kwenye hasa lililonifanya nichukue kalamu.

Baada ya siku ile ya Bismillah, Babu akawa mteja wa kaseti yetu. Jioni moja ikafika zamu ya kibao kiitwacho "'39", ambacho Brian May anaimba mwenyewe kwa magitaa makavu, kama ngoma ya kijijini ya zamani. Babu akainua kidole. "Kasema thirty-nine."

Kiingereza cha Babu kilikuwa cha paredi. Alijiunga na KAR mwaka 1939, akapelekwa Abisinia, kisha Burma, kwenye lile bonde la Kabaw ambako askari wa Afrika Mashariki walipigana mwaka 1944 kwenye matope na malaria. Namba alizijua zote kwa Kizungu, maana ndizo zilizokuwa jina lake. Akasikiliza tena. Akashika na neno la kusafiri kwa chombo. Akahukumu: "Huu ni wimbo wetu. Wa vita. Thirty-nine tulipanda meli."

Nani angembishia? Nikaandika daftarini: WIMBO WA BABU. Tangu hapo kila Alhamisi baada ya Isha alikuwa anauagiza, nasi tunauweka, hata kama betri zimebaki za kufa na kupona. Mama akiwa uani alikuwa anaacha kuosha vyombo mpaka uishe. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Mwaka 1987 nikiwa kidato cha sita, mwalimu wetu wa fizikia, aliyekuwa amesoma Uingereza, alituonyesha santuri yenyewe, na ganda lake lenye maneno. Siku hiyo ndiyo aliyokufa Mangi Fiko. Na ndiyo siku niliyoambiwa kwamba "'39" haina vita ndani yake hata chembe. Brian May alikuwa mwanafunzi wa elimu ya nyota pale Imperial College, London, akaacha masomo ya udaktari wake kwa ajili ya gitaa. (Aliyamaliza mwaka 2007, na sasa ni Dokta kweli.) Wimbo aliutunga juu ya watu waliojitolea kwenda angani kutafuta makao mapya. Kwao safari ni ya mwaka mmoja. Wanaporudi, duniani imepita miaka mia.

Mwalimu akafuta ubao akatufundisha. Einstein alionyesha mwaka 1905 kuwa saa iliyo kwenye mwendo inakwenda polepole kuliko iliyotulia. Kwa basi la Tanga hutaona tofauti. Lakini mwanga unakwenda kama kilomita 300,000 kwa sekunde, na chombo kikifikia asilimia 99.995 ya kasi hiyo, mwaka mmoja wa abiria unakuwa miaka mia ya waliobaki nyumbani. Mwaka 1971 Wamarekani walizungusha saa za atomiki duniani kwa ndege za abiria, na ziliporudi hazikulingana na zilizobaki, kwa sehemu ndogo sana za sekunde. Ni fizikia, si hadithi.

Nilirudi nyumbani likizo na kifua mbele. Nakuambia ukweli: sikutaka kumfundisha Babu, nilitaka aone nimesoma. Alhamisi alipoagiza wimbo wake nikamwambia, "Babu, tulikosea. Huu si wa vita. Ni wa watu waliokwenda kwenye nyota."

Mama alikuwa mlangoni. Akanikata jicho.

Babu akanyamaza. Halafu akaniuliza, "Huko nyotani wao waliona wamekaa muda gani?"

"Mwaka mmoja, Babu."

"Na nyumbani?"

"Mia."

"Waliporudi waliwakuta?"

Nikamweleza nilichosoma kwenye ganda: kwamba mkewe msafiri hayupo tena, anayempokea ni mtoto wake, naye sasa ni mzee, na baba yule anayatambua macho ya mkewe kwenye uso wa binti.

Babu alimtazama Mama. Mimi nilikuwa najua kijuujuu kuwa Mama alizaliwa 1939. Usiku ule ndio niliosikia lililobaki. Babu alipoondoka Mama alikuwa na miezi mitatu. Bibi yangu alifariki kwa homa mwaka 1943, na barua haikumfikia Babu. Aliporejea mwaka 1946, na gwanda lake na kiinua mgongo cha kununua baiskeli, alikuta mtoto wa miaka saba aliyemkimbia na kujificha nyuma ya shangazi yake akilia kuna askari. Aliponyanyua uso wake, Babu alisema, ndipo alipojua mkewe hayupo, kabla mtu hajamwambia.

Tukakaa kimya. Kisha Babu akasema, "Basi hao nao walikwenda Burma." Akanielekeza redio kwa bakora. "Washa."

Niliwasha. Na daftarini sikufuta.

Babu alifariki mwaka 1990. Kaseti ililiwa na redio siku nyingi. Wimbo sasa ninao kwenye simu, na maneno yote sahihi, hayana shaka. Mama ni bibi kizee, masikio yamepungua, lakini nikimwekea "'39" anautambua kwa gitaa la mwanzo tu. Hauiti kwa jina lake la Kizungu wala haulizi habari za nyota. Anasema, "Ongeza sauti, mwanangu. Ni ule wa baba."

Haya msomaji, kwa leo nafunga duka. Kama nawe una daftari lako kabatini, usilichome moto. Liandikie gazeti hili, tuletee Mushi wako na Bi Zabibu wako, wiki zijazo tuwachapishe tucheke pamoja. Na wewe jirani yangu wa zamani, popote ulipo: bado unanidai soda. Tuliwekeana dau kwamba Mangi Fiko yumo, na mwaka ule nilikataa kulipa.